Kimo cha tumbo sentimita 27 kwa wiki 31, ultrasaundi inasoma wiki 29: tarehe imekosewa au mtoto hakui?

MkungaMeru

Wakuu habari za kazi. Naomba mnisaidie kusoma kadi moja. Niko zahanati upande wa Arumeru. Jina la mama naliacha, namba ni hizi.

Mimba ya pili. Ya kwanza alipata presha na protini kwenye mkojo, akajifungua wiki ya 35, mtoto kilo 1.9. Safari hii hedhi ya mwisho ilianza 8 Januari, ana uhakika nayo, mzunguko wake siku 28. Ultrasaundi ya kwanza 26 Machi: mtoto milimita 45 toka utosini hadi makalioni, ikasoma wiki 11 na siku 2. Ya pili 23 Julai: uzito wa makisio gramu 1,030, mzunguko wa tumbo milimita 222. Ya tatu jana, 13 Agosti, kituo kingine: upana wa kichwa 76, mzunguko wa kichwa 280, mzunguko wa tumbo 235, mfupa wa paja 55, uzito gramu 1,266. Chini wameandika "wiki 29 na siku 3, mtoto mzima, maji ya kutosha". Dopla (kipimo cha mtiririko wa damu ya mtoto) haikufanyika.

Kimo cha tumbo (toka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi) kwa futi kamba: 26 tarehe 23 Julai, 27 jana. Presha ilianza kupanda wiki ya 24, sasa 138/88 akiwa kwenye dawa ya presha, methyldopa miligramu 250 mara tatu kwa siku. Protini hakuna. Hb (wingi wa damu) 10.2. Anatumia aspirini tangu wiki ya 13.

Sasa kilichonileta. Hicho kituo cha mwisho kimekata tarehe ya makadirio kwenye kadi, 15 Oktoba, na kuandika 26 Oktoba juu yake. Mwenzangu hapa kazini anasema ni sawa, ultrasaundi mpya ndiyo ya kuaminika, na kwa wiki 29 mtoto yuko vizuri. Kwa tarehe ya zamani jana alitimiza wiki 31 kamili. Nani yuko sahihi? Na kama mtoto hakui, nimfuatilie vipi hapa nilipo?

---

FundiWaPicha_Moshi

Sista, wewe ndiye uliye sahihi. Rudisha 15 Oktoba, andika pembeni sababu, tia sahihi, na isiguswe tena na mtu yeyote hadi mama ajifungue.

Mashine haijui mimba ilitunga lini. Inapima upana na mzunguko wa kichwa, tumbo na paja, inatafuta kwenye jedwali mtoto wa wastani huwa na vipimo hivyo wiki ya ngapi, inachanganya namba hizo nne na kutoa "wiki 29 na siku 3". Huo ni ukubwa, umri ni jambo jingine. Shati la darasa la tatu likimtosha mtoto wa darasa la tano humrudishi darasa la tatu. Unauliza nyumbani anakula nini.

Umri hupimwa mwanzoni kwa sababu kabla ya wiki ya 14 watoto wote hukua karibu sawa, mama awe mrefu au mfupi, mwenye presha au asiye nayo. Baadaye kila mmoja anashika njia yake. Kwa hiyo kanuni ya kubadilisha tarehe inazidi kuwa ngumu mimba inavyosonga. Wiki ya 9 hadi 13 unabadilisha ikiwa hedhi na ultrasaundi vimepishana zaidi ya siku 7. Wiki ya 16 hadi 21, zaidi ya siku 10. Wiki ya 22 hadi 27, zaidi ya 14. Kuanzia 28, zaidi ya 21, na hiyo ni kwa mama ambaye hakupimwa mapema kabisa, tena kwa tahadhari kubwa. Huyu alipimwa wiki ya 11 na tofauti ilikuwa siku 2. Mjadala wa tarehe ulifungwa Machi. Na hata ukilazimisha kutumia picha ya jana, imepishana na hedhi kwa siku 11 tu, haifiki hata huo mpaka wa 21.

Tuje kwenye ukuaji. Tangu 23 Julai hadi 13 Agosti ni siku 21. Mtoto ameongeza gramu 236, yaani kama 11 kwa siku. Kwa jedwali la Hadlock, ambalo mashine nyingi zinalitumia, mtoto wa wastani anatoka gramu 1,210 wiki ya 28 na kufika 1,750 wiki ya 31, yaani 25 kwa siku au zaidi kidogo. Huyu amepata chini ya nusu.

Mstari wa 10 (maana yake watoto 10 kati ya 100 wako chini yake) kwa wiki ya 28 uko karibu na gramu 1,000. Alikuwa juu yake kwa unywele. Kwa wiki ya 31 mstari wa 10 uko kwenye 1,450 hivi, na wa 3 kwenye 1,310. Yeye ana 1,266. Amevuka mistari kwenda chini.

Halafu angalia vipimo kimojakimoja, usiishie kwenye jumla. Kichwa 280 kinakaribia wiki 31. Tumbo 235 liko wiki ya 28 kasoro. Ukiona kichwa kinaenda na tumbo linabaki, ujue chakula kinachopita kwenye kondo la nyuma hakitoshi: damu inapelekwa kwanza kwenye ubongo, na ini, ambalo ndilo ghala la sukari na ndilo linalojaza tumbo la mtoto, linakonda. Tumbo linatakiwa kuongezeka kama milimita 10 kwa wiki. Hili limeongeza 13 kwa wiki tatu.

Nikuonye kuhusu kitu kimoja. Uzito wa ultrasaundi ni makisio; kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 ni kawaida hata kwa mkono mzuri, na hapa kuna vituo viwili na mashine mbili. Kinachoharibika kwa urahisi ni picha ya tumbo. Omba picha iliyochapwa, uiangalie mwenyewe. Nzuri ni ya mviringo, si yai. Ndani kuna kiputo cheusi cha tumbo la chakula, kuna mshipa wa kitovu uliojipinda kama kishikio cha bakora, uti wa mgongo umekatwa mara moja, na mbavu za pande zote mbili zinafanana. Ukiona figo, amekata chini mno. Ukiona moyo, amekata juu mno. Alama za kupimia ziwe kwenye ngozi ya nje, zisiwe kwenye mbavu. Na aliyebana kipimio kwa nguvu juu ya tumbo la mama anamkandamiza mtoto na kupata umbo la chapati.

Lakini hata kama jana walikosea kidogo, futi kamba yako nayo inasema hivyohivyo: sentimita 1 kwa wiki tatu. Mashahidi wawili wasiojuana wakitoa habari moja, sikiliza.

---

SakinaKwaIddi

Samahani naingilia. Mbona akina mama wengi wa huku ni wadogo wa umbo na wanazaa watoto wa kilo mbili na nusu wazima tu? Na huku juu Meru ni mlimani, hewa nyepesi. Msije mkamtia mtu hofu bure.

---

FundiWaPicha_Moshi

Swali zuri. Mtoto mdogo kwa asili yupo, na ni wengi. Ila huyo anatembea kwenye mstari wake. Akianza kwenye mstari wa 8 utamkuta wa 8, labda wa 7, na kichwa na tumbo vinaenda pamoja, maji yapo, Dopla safi. Wa sista ametoka juu ya wa 10 na kushuka chini ya wa 3 ndani ya wiki tatu, na mama ana presha. Asili ya familia haimshushi mtoto ghafla namna hiyo.

Mwinuko kweli hupunguza uzito, kama gramu 100 kwa kila mita 1,000. Arusha mjini ni mita 1,400 hivi, Moshi ni chini ya hapo. Hiyo ni gramu mia moja na kitu kwa mtoto aliyefika muda wake. Haitoshi kueleza hii.

---

DaktariWaWodiYaWazazi

Sista, mama huyu asisubiri kliniki ijayo. Mtoto aliye chini ya mstari wa 3 kabla ya wiki ya 32, wakati tarehe zina uhakika, tayari anahesabiwa kuwa amezuiliwa kukua, hata kabla ya Dopla. Na presha iliyoanza baada ya wiki ya 20 ikikutana na mtoto asiyekua ni ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, hata kama mkojo hauna protini. Wengi wanaendelea kungoja protini. Isikupoteze.

Anahitaji rufaa kwenye hospitali yenye Dopla, yenye upasuaji saa 24 na yenye wodi ya watoto njiti. Kwa upande wenu ni Mount Meru ya Arusha, au KCMC ya Moshi ambayo ndiyo rufaa ya kanda nzima ya kaskazini. Piga simu kabla, uliza mambo mawili: mpimaji wa Dopla yupo lini, na kuna nafasi kwa mtoto wa gramu 1,200. Mtoto akisafirishwa akiwa tumboni ana nafasi nzuri kuliko akisafirishwa baada ya kuzaliwa.

Dopla inatazama nini? Ateri ya kitovu. Watu wa Kilimanjaro watanielewa nikisema mfongo, ule mfereji wa maji ya shambani. Ukifungua maji juu, yanashuka, na chini kukiwa wazi yanaendelea kutiririka hata pale msukumo wa juu unapopungua. Moyo wa mtoto unasukuma damu kwenda kwenye kondo. Kati ya pigo na pigo damu inapaswa kuendelea kwenda. Kondo likiwa gumu, ule mtiririko wa katikati unapungua, kisha unakatika, kisha damu inarudi nyuma. Kila hatua ina mpango wake.

Mtiririko ukiwa wa kawaida, Dopla inarudiwa kila wiki moja au mbili, vipimo vya ukuaji kila wiki mbili hadi tatu, na kwa mtoto aliye chini ya mstari wa 3 uzazi hupangwa wiki ya 37. Ukipungua lakini upo, Dopla kila wiki na CTG (mashine inayochora mapigo ya moyo wa mtoto kwenye karatasi) mara moja au mbili kwa wiki, uzazi wiki ya 37 pia, au mapema mambo yakibadilika. Ukikatika kabisa, mama analazwa, Dopla mara mbili tatu kwa wiki, CTG kila siku, uzazi wiki ya 33 hadi 34. Damu ikirudi nyuma, uzazi ni wiki ya 30 hadi 32, maana yake kwa huyu ni sasa hivi, baada ya sindano za mapafu ikiwa muda upo. Katika hatua hizi mbili za mwisho mara nyingi ni kwa upasuaji, kwa kuwa mtoto huyo hana akiba ya kuvumilia uchungu.

Ndipo uone tarehe iliyobadilishwa inavyoua. Wiki 37 za kweli zinaangukia 24 Septemba. Kwa ile ya kalamu ya jana zinaangukia 5 Oktoba. Ni siku 11 za ziada ndani ya mfuko ambao haumlishi. Na mtoto akipimwa kwa tarehe hiyo mpya ataonekana yuko karibu na mstari wa 10, hakuna atakayeshtuka.

Sindano za kukomaza mapafu: dexamethasone miligramu 6 kwenye msuli kila saa 12, mara nne. Usimchome hapo zahanati kwa hofu tu. Zinafaa uzazi ukitarajiwa ndani ya siku 7, kabla ya wiki ya 34, mama asiwe na dalili za maambukizi, na awe mahali panapoweza kumhudumia mtoto njiti. Ukichoma leo akazaa wiki ya 36, umetumia risasi kabla adui hajafika. Waachie wanaompokea waamue baada ya Dopla. Uzazi ukikaribia kabla ya wiki ya 32 wataongeza magnesiamu salfeti kulinda ubongo wa mtoto.

Damu ya kupima akifika: chembe sahani, kreatinini, vimeng'enya vya ini, Hb tena. Maji ya uzazi yapimwe kwa namba. "Maji ya kutosha" ni neno la mtaani. Tunataka kina cha mfuko mkubwa zaidi wa maji kwa wima: sentimita 2 kwenda juu ni sawa, chini ya hapo ni machache.

Na CTG isomwe kwa umri wake. Chini ya wiki ya 32 mapigo yakipanda kwa 10 kwa sekunde 10 inatosha. Baada ya hapo tunataka 15 kwa sekunde 15, mara mbili ndani ya dakika 20. Mtoto akiwa amelala, endelea hadi dakika 40 kabla ya kusema karatasi ni mbaya. Mapigo 140 kwenye fetoskopu (kile kipembe cha kusikilizia tumboni) yanakuambia yu hai. Hayakuambii anakua.

Kuhusu matibabu nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna mengi. Dripu za sukari, kulala kitandani siku nzima, vidonge vya "kufungua mishipa": hakuna kinachomnenepesha mtoto huyu. Sildenafil ilijaribiwa, jaribio la Uholanzi lilisimamishwa 2018 baada ya watoto kupata matatizo ya mapafu na wengine kufa. Dawa yetu ni kufuatilia kwa karibu na kuchagua siku ya kumtoa. Aspirini aendelee hadi wiki ya 36. Kama anameza kidonge kimoja cha 75 muulize daktari anayempokea kuhusu 150 usiku. Hb 10.2 itibiwe: madini chuma miligramu 120 kwa siku, yaani FEFO (kidonge cha madini chuma na foliki) mbili badala ya moja, asinywe na chai, na kama anapewa kalsiamu avitenganishe kwa saa kadhaa.

---

BibiMkunga_Majengo

Hamjambo wanangu. Daktari kasema ya hospitali, mimi niseme ya futi kamba, maana nusu ya kadi ninazoziona namba zake zimepikwa.

Mama akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa kinaweza kukuongezea sentimita mbili hadi tatu, na hizo ndizo hasa zinazomficha mtoto mdogo. Alale chali, mto mmoja kichwani, miguu imenyooka. Tumbo likikaza, subiri lilegee. Kwa ubavu wa mkono wa kushoto shuka toka chini ya matiti hadi uguse kilele cha mfuko wa uzazi. Kikiwa kimeinamia kulia au kushoto kifuate hukohuko, usikilazimishe katikati. Weka sifuri ya futi hapo kileleni, ishushe ikiwa imelala juu ya ngozi hadi ukingo wa juu wa mfupa wa kinena. Upande wenye namba uangalie chini, kwenye ngozi. Ukishashika mwisho, ndipo geuza usome.

Kwa nini namba zifichwe? Kwa sababu ukijua ni wiki ya 31 mkono wenyewe utatafuta 31. Hata mtu mwaminifu anafanya hivyo. Na usisome kadi kabla ya kupima.

Futi ya kitambaa ya fundi cherehani inavutika ikizeeka. Ilaze juu ya rula ya mtoto wa shule mara moja kwa mwezi. Ikizidi nusu sentimita kwa thelathini, itupe.

Kuanzia wiki ya 24 sentimita na wiki huenda karibu sawa. Zikipishana zaidi ya 2, au zaidi ya 3 kama mmezoea hivyo, peleka ultrasaundi. Lakini mimi naogopa zaidi namba iliyosimama kuliko namba iliyopishana. 28, 28, 29 ni mbaya kuliko 26, 28, 30. Pima kila baada ya wiki mbili au tatu, mtu yuleyule akiwezekana. Ukipima kila wiki utakuwa unapima makosa ya mkono wako.

Na kwa mama wa hatari futi peke yake haitoshi hata kidogo. Mapacha, uvimbe kwenye kizazi, mtoto aliyelala kikingamo, maji mengi, mama mnene: hapo futi haina maana, nenda moja kwa moja kwenye picha.

---

SakinaKwaIddi

Shikamoo bibi. Nimeelewa sasa, nafuta niliyosema kuhusu kutia hofu. Naomba niulize kwa niaba ya wifi yangu, ana mimba ya miezi saba na presha yake inapanda: kucheza kwa mtoto anahesabuje? Na ni kweli akila sana mtori mtoto atanenepa? Mama mkwe anasema apunguze chakula asije akashindwa kujifungua. Na hizi ultrasaundi nyingi hazimchomi mtoto?

---

BibiMkunga_Majengo

Marahaba mwanangu.

Kucheza: achague saa ambayo mtoto huchangamka, wengi ni jioni baada ya kula. Alale ubavu, kushoto ni vizuri, simu aiweke mbali. Aangalie saa, ahesabu kila teke, kila kujigeuza, kila kusukuma, kwikwi asizihesabu. Kumi zikitimia, hata kwa dakika 15, amemaliza, aandike muda uliotumika. Saa mbili zikipita hazijafika kumi, aende hospitali usiku huohuo. Asisubiri asubuhi, asinywe soda baridi "kumwamsha" kwanza. Mtoto hulala dakika 20 hadi 40, mara chache sana zaidi ya saa moja na nusu, ndiyo maana tunampa saa mbili. Na wewe shangazi mtu, wakikuambia mtoto hutulia uchungu ukikaribia, kataa. Hatulii. Anabadilisha namna ya kucheza kwa kubanwa, ila haachi.

Muhimu kuliko kumi ni desturi yake mwenyewe. Aliyezoea kutimiza kumi kwa dakika 20, leo akachukua saa moja na nusu, naye aende.

Mtori ale, na maharage, mayai, dagaa, mboga, maziwa. Ila mtoto aliyezuiliwa na kondo hatanenepeshwa na sufuria. Kinyume chake ni kweli: mama akijinyima, mtoto anakonda zaidi. Ile desturi ya kupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo apite kirahisi inapunguza nguvu za mama na akiba ya mtoto. Nyonga haipanuki kwa njaa. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote, na ikibidi aje naye kliniki aambiwe na nesi. Mbege, pombe ya ndizi, aache kabisa, hata ile ya kionjo. Udongo wa sokoni nao aache, hamu yake mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, apime Hb. Kama anapika kwa kuni ndani, jiko litoke nje.

Akiwa anaishi au anashinda tambarare kwenye mashamba ya mpunga, malaria inakaa kwenye kondo bila homa na inamnyima mtoto. Vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, vitatu kwa mara moja, mbele ya nesi, kila baada ya wiki nne kuanzia mwezi wa nne. Asipewe kama anatumia cotrimoxazole (septrini) kila siku.

Ya ultrasaundi namwachia fundi.

---

FundiWaPicha_Moshi

Haimchomi. Ni sauti isiyosikika, si mionzi kama eksirei. Dopla ina nguvu zaidi kidogo, kwa hiyo mapema mimba ikiwa changa haitumiwi bila sababu, ila wiki ya 28 kwenda mbele kwa mama mwenye presha sababu ipo.

Kinachosumbua ni kupima ukuaji mara nyingi mno. Chini ya wiki mbili kati ya kipimo na kipimo, kosa la mashine ni kubwa kuliko gramu alizoongeza mtoto. Ukisikia mtu amepimwa uzito Jumatatu na tena Ijumaa na mtoto "amepungua", hakupungua, ni mikono miwili tofauti. Dopla, maji na CTG hazina sharti hilo, hata kesho zirudiwe.

Wifi yako ombi lake liwe hivi: kila mara apimwe mahali pamoja, na apewe picha zilizochapwa zenye namba. Ripoti yenye maneno tu haina la kulinganisha.

---

KisukariNaMimba

Niongeze kidogo kwa wanaosoma wakiwa na hatari za aina nyingine. Kwa mwenye kisukari tunatafuta kinyume: tumbo linalokimbia kuliko kichwa, maji yanayozidi sentimita 8 kwa mfuko mmoja. Ila mwenye kisukari cha muda mrefu na presha anaweza kupata mtoto mdogo vilevile, usimfungie kwenye kundi moja. Na mapacha: kabla ya wiki ya 14 lazima ijulikane kama wanatumia kondo moja au mawili, baadaye ni vigumu kuona. Wa kondo moja wapimwe kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, wa makondo mawili kila wiki nne.

---

MkungaMeru

Ahsanteni sana wote, na shikamoo bibi. Tarehe nimerudisha 15 Oktoba, nimeandika "ultrasaundi ya wiki 11, isibadilishwe". Nimempima upya akiwa amekojoa, namba zikiangalia chini: 27 ileile. Nimeongea na hospitali, mpimaji wa Dopla yupo kesho asubuhi. Rufaa nimeandika vipimo vyote vitatu na tarehe zake, presha zote tangu wiki ya 24, na dawa. Mama yuko kwao, dakika kumi kutoka hapa. Aondoke leo au kesho?

---

DaktariWaWodiYaWazazi

Kazi nzuri. Mwite apime presha tena leo jioni, akiwa amekaa dakika tano kimya, mkono usawa wa moyo. Ikifika 160/110, au ana kichwa kinachouma, macho yenye ukungu, maumivu chini ya kifua, damu inatoka, au hesabu ya mateke haijatimia, aondoke leo: piga 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, usisubiri gari la abiria. Kama hakuna hata kimoja, kesho alfajiri, afike kabla ya saa nne ili Dopla na majibu ya maabara vipatikane siku hiyohiyo. Asiende peke yake. Abebe nguo za siku kadhaa, maana anaweza kulazwa.

Na kadi pamoja na picha za ultrasaundi akae nazo mkononi, zisiwekwe kwenye begi linalofungwa juu ya gari.